Slyudyanka: Mji Ulioletwa na Reli ya Baikal

Abiria anayetoka Moscow kwenda Vladivostok hulipata Ziwa Baikal pale treni inapoteremka milimani kuelekea Slyudyanka, mji mdogo wa mkoa wa Irkutsk. Jengo la stesheni yake, lililokamilika mwaka 1905, ni la marumaru iliyochimbwa papo hapo jirani.

Kabla ya reli, eneo hili lilijulikana kwa madini ya ulanga. Ujenzi wa Reli ya Siberia ulianza mwaka 1891, lakini ulipofika Baikal ulikwama: upande wa kusini-magharibi magenge yalishuka wima hadi majini. Kuanzia mwaka 1900 mabehewa yalivushwa kwa meli ya kuvunja barafu, iliyotengenezwa Uingereza, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa ziwani.

Februari 1904 vita kati ya Urusi na Japani vilizuka, na barafu ya majira hayo iliishinda meli. Reli zikatandikwa juu ya ziwa lililoganda. Kwa kuwa kichwa cha treni kilikuwa kizito mno, farasi ndio waliokokota mabehewa.

Jeshi lilikuwa likingoja askari na silaha mashariki, kwa hiyo kazi ya kupasua magenge iliharakishwa. Kati ya Port Baikal na Slyudyanka, umbali wa takriban kilomita 85, yalichimbwa mahandaki 39. Mafundi wa mawe kutoka Italia walikuwa miongoni mwa waliojenga kuta za kuzuia maporomoko. Treni za kwanza zilipita mwaka huohuo wa 1904, na Slyudyanka ikapata karakana na makazi ya wafanyakazi wa reli. Mwaka 1936 ilipewa hadhi ya mji.

Njia ile iliyogharimu jasho jingi haikudumu kuwa njia kuu. Mwaka 1949 ilifunguliwa njia ya mkato ya milimani, kutoka Irkutsk moja kwa moja hadi Slyudyanka. Kisha bwawa la umeme la Irkutsk likapandisha maji ya Mto Angara, na reli ya kandokando ya mto, iliyounganisha Irkutsk na Port Baikal, ikazama. Port Baikal ikabaki mwisho wa njia, ikifikiwa zaidi na treni za watalii. Slyudyanka ilisalimika kwa sababu njia mpya na ya zamani zilikutana hapo, na treni za Vladivostok zinaendelea kusimama kwenye stesheni yake.