Chuo na Mwandiko: Jinsi Tungo za Muyaka Zilivyookoka

Mtu wa siku hizi akisikia neno chuo, mara fikira zake huenda kwenye jumba la mafunzo. Lakini wazee wa pwani waliposema chuo walikuwa na maana ya kitabu. Vyuo ni vitabu, na chuoni ni pale penye kitabu, ambapo mtoto hutiwa ili asome. Edward Steere, alipokusanya maneno ya Unguja katika karne ya 19, alilipa neno hili maana iyo hiyo. Na hata leo mtu mwenye elimu twamwita mwanachuoni. Basi jumba ndilo lililopewa jina la kitabu, wala si kitabu kilichopewa jina la jumba. Nasi tulio walimu twafaa kulikumbuka jambo hili, maana mara nyingi twajisumbua sana kwa ajili ya kuta na paa, na kile kilichoipa nyumba jina lake twakiacha kiliwe na mchwa.

Katika kurasa hizi twataka kueleza jinsi kitabu kilivyopendwa pwani zamani, tena jinsi tungo za mshairi mmoja wa Mombasa zilivyonusurika zilipokuwa zimekaribia kupotea kabisa. Twauliza hivi: mtu apendaye vitabu hufanya nini? Siku hizi hununua. Zamani alinakili.

Kabla mitambo ya kupiga chapa haijafika kwetu, kila kitabu kilikuwa kazi ya mkono. Mwandishi alichonga kalamu yake, akatengeneza wino, akatafuta karatasi iliyoletwa na vyombo kutoka ng'ambo. Ndiyo maana tendi nyingi huanza kwa mtungaji kuagiza aletewe wino na karatasi nzuri. Mambo hayo hayakuwa rahisi kupatikana, na kuyataja kulikuwa kuipa kazi heshima yake. Mwana Kupona binti Msham, alipomtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, naye alianza kwa kumwita mwanawe aje karibu na wino na karatasi. Na mwandishi akiisha kunakili, mara nyingi huandika mwishoni jina lake na tarehe, akaomba adui wa kazi yake asiwe msomaji, bali msomaji amsamehe makosa na kumwombea dua.

Lakini hewa ya pwani ni ya chumvi na unyevu, mchwa hawalali, na wino mkali huila karatasi yenyewe. Kwa hiyo maandiko ya Kiswahili ya kale sana ni machache. Barua za Kiswahili za zamani zilizo mashuhuri, za mwaka 1711, hazikuhifadhika kwetu. Zilipatikana Goa, katika nyaraka za Wareno, maana ziliandikwa Kilwa zikapelekwa huko. Utendi wa Tambuka una tarehe ya mwaka 1728, lakini kudumu kwake kulitegemea wanakili. Kitabu kikichakaa, mwenye kukipenda hukinakili kipya, na kile cha kale hukiacha kife. Basi kwa watu wa pwani uhai wa kitabu haukuwa katika karatasi, ulikuwa katika mkono unaokubali kuandika tena. Mkono huo ukikosekana kizazi kimoja tu, kitabu kimekwisha.

Sasa tumtazame Muyaka bin Haji. Aliishi Mombasa tangu mwisho wa karne ya 18, akafariki karibu na mwaka 1840. Aliuona utawala wa Wamazrui ukiwa na nguvu, akauona ukianguka mwaka 1837 mbele ya Seyyid Said. Washairi wengi waliomtangulia walitunga habari za dini na za mashujaa wa kale. Muyaka alitunga habari za mji wake: vita, siasa, mapenzi, njaa, ugomvi wa jirani, na majibizano na washairi wenzake. Shairi la mishororo minne, lenye mizani kumi na sita kila mshororo, lilitiwa nguvu mpya mikononi mwake. Watu waliyashika mashairi yake kwa moyo wakayasema sokoni na barazani.

Na hapo ndipo hatari ilipokuwa. Shairi lililotungwa kwa tukio la siku fulani ni kama ufunguo. Kufuli lake likisahauliwa, halifungui kitu. Waliokuwapo siku ile hawahitaji kuelezwa, kwa hiyo hawaandiki maelezo. Na wao wakiisha kufa, maneno hubaki matamu katika kinywa lakini hayana maana katika akili. Miaka arobaini baada ya kufa kwa Muyaka, waliojua mafumbo yake walikuwa wazee wa kuhesabika.

Aliyeitambua hatari hiyo ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa na mshairi yeye mwenyewe. Alizikusanya tungo za Muyaka na kuziandika kwa herufi za Kiarabu. Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Herufi za Kiarabu zina irabu tatu tu, nasi twahitaji tano. Kupenda na kupinda huandikwa namna moja, na msomaji huamua mwenyewe kama bwana yule alimpenda mtu au alipinda kitu. Sauti nyingine za Kiswahili hazina herufi zake kabisa katika Kiarabu, kwa hiyo herufi moja hubeba sauti mbili au tatu. Matokeo yake ni kwamba mwandiko wa zamani husomeka vema na mtu aliyekwisha kulisikia shairi. Karatasi ilihitaji sikio, na sikio lilihitaji karatasi. Kimoja peke yake hakikutosha.

Katika miaka ya 1880 alikuwako Mombasa mmisionari wa Kiingereza, William Ernest Taylor. Yeye hakukaa kuwafundisha watu wa Mombasa lugha yao. Aliketi miguuni pa Mwalimu Sikujua akafundishwa. Tungo za Muyaka akazinakili kwa herufi za Kirumi, na kando yake akaandika aliyoelezwa: shairi hili lilitungwa kwa ajili ya nani, fumbo hili lamaanisha nini, neno hili la Kimvita hutamkwaje. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Mwaka uliofuata Taylor alipiga chapa London kitabu chake cha methali za Waswahili. Lakini karatasi za Muyaka hazikupigwa chapa maisha yake yote. Alifariki mwaka 1927, nazo zikawekwa katika chuo cha lugha za Mashariki huko London. Mwisho William Hichens, aliyekuwa amekwisha kutoa Al-Inkishafi mwaka 1939, alizitengeneza, na Diwani ya Muyaka ikatoka Johannesburg mwaka 1940.

Hebu msomaji ahesabu. Tangu kufa kwa mshairi hata kitabu chake kupigwa chapa ilipita miaka mia moja. Katika miaka hiyo, njia nzima ilipita juu ya daraja moja jembamba, nalo ni ile miaka michache ambayo Sikujua alikuwa hai na Taylor alikuwa na subira ya kuuliza. Laiti mmoja wao angalikosekana, au laiti Taylor angalifika Mombasa baada ya mwaka 1890, tungalibakiwa na mashairi machache yaliyovunjikavunjika, na mengi tusingaliyaelewa.

Lamu nako alikuwako mtu wa namna hiyo, Muhamadi Kijuma, aliyezaliwa karibu na mwaka 1855 akafariki mwaka 1945. Alikuwa mchonga milango, mshairi, mpiga muziki, na mwandishi mwenye mwandiko wa kupendeza mno. Aliwanakilia tendi wanachuoni wa Ulaya, miongoni mwao Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann. Na mwaka 1913 aliandika utendi wa Fumo Liyongo. Kijuma alilipwa kwa kazi yake, na wako wasemao kwamba aliuza urithi wa Lamu. Sisi hatukubali. Fundi wa mlango hulipwa, wala hakuna amwambiaye kwamba ameuza nyumba. Kijuma hakuondoa kitabu Lamu kwa kukinakili. Aliongeza cha pili. Kosa si lake yeye aliyetuma nakala mbali, ni letu sisi ambao hatukumwomba nakala ya kubaki.

Hata hivyo uchungu upo, nasi hatutaki kuuficha. Nyingi za hati hizo ziko London na Hamburg, mbali na watoto wa watoto wa wale waliozitunga. J. W. T. Allen alijaribu kulitengeneza jambo hili kwa kukusanya hati na kanda za sauti pwani na kuziweka katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Orodha yake ilipigwa chapa mwaka 1970. Na huko London hati zilipokuja kupangwa na kuelezwa upya, aliyeitwa kusaidia ni Sheikh Yahya Ali Omar, mwanachuoni wa Mombasa. Tazameni jinsi mambo yalivyozunguka: karatasi zilizotoka Mombasa kwa mkono wa mwanafunzi Mwingereza zilihitaji tena sikio la mtu wa Mombasa ili zisomwe sawasawa.

Basi mwalimu wa leo apate fundisho gani? Kwanza, mzee akisema shairi, hadithi au methali, tuandike alivyosema yeye, wala tusimsahihishe kwa Kiswahili cha shule. Taylor alikiacha Kimvita kiwe Kimvita. Mtu wa Unguja akisoma kwamba fulani ateka, hudhani achota maji, kumbe kwa Kimvita acheka. Mwandishi akilibadili neno bila kuuliza, ameua kicheko cha mshairi. Pili, tuulize shairi lilitungwa lini na kwa sababu gani, tukaandike kando, maana ufunguo bila kufuli haufai. Tatu, tuandike jina la msemaji, mahali na tarehe, kama walivyofanya wanakili wa kale. Twasikitika kwamba majina ya wazee wengi waliowasimulia Wazungu hadithi katika karne ya 19 hayakuandikwa; kitabu chamtaja aliyeuliza, na aliyejibu hatajwi. Nne, tukiisha kuandika, tumwachie mwenyewe nakala nzuri.

Kazi hii haihitaji mali nyingi. Mwalimu wa kijiji mwenye daftari na jioni moja kwa juma aweza kuifanya, na wanafunzi wake wakamsaidia, kwa kuwa kila mmoja ana babu au bibi nyumbani. Isipofanywa, hapana atakayetushitaki, wala hapana atakayejua kilichopotea. Na hilo ndilo baya zaidi, maana kitabu kilichoungua huacha majivu, bali neno lisiloandikwa haliachi kitu.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema hivyo kwa ajili ya biashara, lakini Mwalimu Sikujua alilifahamu neno hilo katika maana yake kubwa. Alikuwa mshairi, angaliweza kuitumia karatasi yake yote kwa tungo zake mwenyewe. Akachagua kuandika za mtu aliyekufa, asiyeweza hata kumshukuru. Hayo ndiyo mapenzi ya chuo.