Machimbo ya Kailo na Historia ya Mafunzo ya Watafiti wa Mapafu

Kailo, eneo la mkoa wa Maniema nchini Kongo lililo jirani na mji wa Kindu, linajulikana kwa kasiteriti, yaani jiwe litoalo bati, na kwa wolframiti, ambayo ndiyo asili ya tungsteni. Madini hayo mara nyingi hulala ndani ya kwatsi, jiwe gumu lenye silika nyingi, ambalo likitobolewa au kupondwa kavu hutoa vumbi laini lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo likivutwa kwa miaka mingi huacha katika mapafu makovu yasiyopona, na huo ndio ugonjwa uitwao silikosisi, ambao pia humweka mgonjwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Historia ya Kailo, kwa hiyo, inahusu pia nani alifundishwa kuchunguza mapafu ya wachimbaji, na nani alinyimwa mafunzo hayo.

Kampuni ya Symétain ilipoundwa mwaka 1932 ili kuchimba bati la Maniema, madhara ya vumbi la silika yalikwisha kujulikana, kwani mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani liliwakutanisha wataalamu mjini Johannesburg kuujadili ugonjwa huo. Hata hivyo, utawala wa Kibelgiji uliwafunza Wakongo kuwa wauguzi na wasaidizi wa madaktari, watu waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya hospitali pasipo kupewa cheo cha daktari wala nafasi ya kuongoza utafiti. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu, na nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960 hakikuwa bado kimemtoa daktari wake wa kwanza. Shirika la Afya Duniani likalazimika kuwapeleka Ufaransa makumi ya wasaidizi hao wakamilishe masomo ya udaktari, jambo linalothibitisha kwamba uwezo ulikuwapo tangu awali na kilichokosekana ni mlango.

Katika Afrika Mashariki mlango mwingine ulifunguka kupitia kifua kikuu. Madaktari wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia walishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza katika jaribio ambalo matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972, nalo lilionyesha kwamba dawa zikichanganywa vizuri, tiba iliyokuwa ikichukua mwaka mmoja na nusu ingeweza kumalizika kwa miezi sita. Huko Kinshasa swali la urefu wa tiba liliendelezwa wakati Ukimwi ulipoongeza wagonjwa wa kifua, na jaribio lililochapishwa mwaka 1995 lililinganisha tiba ya miezi sita na ya miezi kumi na miwili kwa wenye virusi vya Ukimwi. Hospitali za Afrika zilikuwa zimeubadilisha utabibu wa dunia, lakini mpango wa utafiti na fedha zake kwa kiasi kikubwa vilibaki mikononi mwa taasisi za nje.

Jitihada za kuibadili hali hiyo zilipata sura mpya baada ya Jumuiya ya Kifua ya Afrika Nzima kuanzishwa mwaka 2003. Kuanzia mwaka 2007 jumuiya hiyo, ikishirikiana na madaktari wa kifua wa Marekani, imeendesha kozi ambamo daktari au mwanasayansi kijana hujifunza kuligeuza tatizo la wodini kwake kuwa swali linalopimika, kisha kuandika mpango wa utafiti na kuchambua takwimu. Mafunzo ya namna hii hudai nidhamu hata katika jambo dogo: anayepimwa kwa spiromita, chombo kipimacho pumzi, hubanwa pua, huvuta hewa mpaka kifua kijae, kisha huipuliza yote kwa nguvu bila kukatiza, na mpimaji hurudia zoezi hilo mpaka vipimo vilingane, kwa kuwa pumzi moja iliyopulizwa kwa ulegevu inaweza kumfanya mtu mwenye afya aonekane mgonjwa. Taasisi ya Mapafu ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoanzishwa mwaka 2015, ni ushahidi kwamba kazi hiyo inaweza kuota mizizi katika kanda hii.

Maniema inahitaji mizizi hiyo kwa haraka. Bei ya bati ilipoporomoka mwaka 1985, SOMINKI, kampuni iliyokuwa imeyaunganisha makampuni ya bati ya Kivu na Maniema mwaka 1976, ilidhoofika, na uchimbaji ukazidi kushikwa na wachimbaji wadogo. Huko Kailo familia nzima zimeonekana machimboni, wengine wakichimba kwa sururu na wengine wakiponda na kuosha mawe, bila mwajiri anayewajibika kuwapima. Mganga anayemtibu mchimbaji wa namna hiyo kwa kifua kikuu pekee, bila kumuuliza kuhusu vumbi, anaweza kukosa nusu ya ugonjwa. Daktari kijana wa Kindu aliyefunzwa utafiti ndiye anayeweza kuuliza swali hilo kwa Kiswahili cha wagonjwa wake, kuwafuatilia kwa miaka, na kuyageuza majibu kuwa hoja ya kudai maji ya kulowesha mawe, barakoa na vipimo. Kumfunza yeye ni sehemu ya haki ambayo wachimbaji wa Maniema wanadai tangu mwaka 1932.