Kompyuta ya Mwanamuziki wa Urambo: Nani Ameishika Njia ya Sauti?

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga njia ya misafara kati ya Unyanyembe na Ujiji. Wafanyabiashara Waarabu wa Tabora walikuwa na bunduki na mtaji wa Zanzibar, lakini pembe zao za ndovu hazikupita. Mirambo, ambaye jina lake linaishi hadi leo katika jina la Urambo, alikuwa ametambua kwamba anayeishika njia ndiye anayepanga hongo. Naikumbusha habari hiyo kwa sababu ya swali ambalo wanafunzi wameniuliza zaidi ya mara moja, nalo kwa nje halina historia yoyote: anayetaka kurekodi muziki nyumbani anunue kompyuta mpakato ya namna gani?

Historia ipo. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakubeba pembe tu, walibeba pia nyimbo. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alizunguka kusini mwa nchi yetu akiwa na fonografu, na miongoni mwa sauti alizozinasa kwenye mitungi ya nta zilikuwamo za wapagazi wake Wanyamwezi. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel wa Berlin alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake, na rekodi zake zimehifadhiwa Afrika Kusini. Simwiti yeyote kati yao mwizi. Bila kazi yao tungekuwa na machache ya kusikiliza. Nasema tu kwamba mwimbaji alibaki na koo lake, na mwenye mashine akaondoka na wimbo.

Uhuru ulibadili mwenye mashine, haukubadili kanuni. Bendi za bara, Tabora Jazz ikiwamo, zilitegemea studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam ili zisikike nchini, na viwanda vya Nairobi ili zipate santuri. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo ya pili nayo ikazibwa. Studio binafsi zilipochipuka katika miaka ya 1990 zilifungua mlango mpana, lakini utaratibu uliozoeleka ni huu: kijana hulipia wimbo, hupewa faili moja lililokamilika, na sauti zake zilizorekodiwa mojamoja hubaki katika kompyuta ya mtayarishaji. Kompyuta hiyo ikiharibika, au wawili hao wakigombana, kazi ya miaka hupotea.

Ndiyo maana naiona kompyuta mpakato kuwa mashine ya kwanza ya kurekodi ambayo mkulima wa tumbaku wa Urambo anaweza kuimiliki mwenyewe. Basi aichague kama mtu anayenunua ghala. RAM ya GB 8 ndiyo kima cha chini; GB 16 humpa nafasi ya kupumua anapopanga ala nyingi. Diski iwe SSD, kwa kuwa ni ya kasi na haina sehemu inayozunguka na kuvuma. Hesabu ni rahisi: sauti moja iliyorekodiwa kwa biti 24 na kilohezi 48 hula takriban MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye sauti 20 hufikia karibu MB 700. Diski ya GB 256 itajaa mapema kuliko anavyodhani, kwa hiyo fedha ya diski ya nje iwe ndani ya bajeti tangu mwanzo.

Akinunua iliyotumika, aiwashe dukani na kuifanyisha kazi nzito kwa robo saa: asikilize feni, maana kipaza sauti kitaisikia pia, na aangalie betri inashuka kwa kasi gani, maana umeme hukatika bila kubisha hodi. Ni afadhali kompyuta ya kawaida pamoja na kiolesura kizuri cha sauti cha USB kuliko kompyuta ya fahari inayotegemea tundu lake dogo la kipaza sauti. Programu ya bure kama Audacity yatosha kuanzia. Na kila wimbo ukikamilika, kila sauti ihifadhiwe peke yake kama faili la WAV, katika diski mbili zinazokaa nyumba mbili. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa maofisa utamaduni wa halmashauri nina neno moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, lakini haiwezi kumrudishia rekodi ambayo hakuihifadhi. Wazee wanaozijua nyimbo za jembe na za harusi wanapungua kila mwaka. Kompyuta moja, vipaza sauti viwili na diski mbili katika ofisi ya wilaya haviwezi kuishinda gharama ya semina moja ya siku tatu. Mgeni wa mwaka 1906 alihitaji meli na wapagazi ili anase sauti ya Mnyamwezi. Sisi tunahitaji uamuzi tu, na nakala ya kwanza ibaki Urambo.