Presesheni ya jairoskopu
Presesheni ni mwendo wa taratibu wa mhimili wa jairoskopu, yaani kitu kinachozunguka kwa kasi, pale nguvu ya nje inapojaribu kuupindua. Mhimili haufuati msukumo. Huenda kando, kwa pembe ya digrii 90. Gurudumu la kiti cha magurudumu kinachoundwa Bombolulu, Mombasa, lingeionyesha presesheni vizuri: lizungushe kwa nguvu, kisha lining'inize kwa kamba upande mmoja wa ekseli. Halianguki, bali huizunguka kamba, na kadiri linavyopoteza kasi ndivyo presesheni inavyozidi, kama pia inayokaribia kuanguka. Setilaiti Uhuru, iliyorushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, nayo ilikuwa ikijizungusha, na ilielekezwa hivyohivyo: koili za sumaku zilisukumana na uga wa sumaku wa Dunia, mhimili wake ukageuka polepole kuelekea upande uliotakiwa.