Mtihani wa GMAT na Alama za Mwaka wa Kwanza

Mtihani wa kuingilia shule za biashara za uzamili, unaojulikana leo kama GMAT, una asili yake Marekani. Mwaka 1953 shule tisa, zikiwemo Harvard, Columbia na Chicago, zilikubaliana na taasisi ya mitihani ya ETS itunge kipimo kimoja kwa waombaji wote, kwani alama ya juu ya chuo kimoja haikuwa na uzito uleule katika chuo kingine. Watahiniwa wa kwanza waliufanya mwaka 1954. Jina la sasa lilikuja 1976.

Swali lililokusudiwa kujibiwa lilikuwa dogo: je, mwombaji atayamudu masomo ya mwaka wa kwanza? Umeneja hodari haukuwamo, ingawa baadaye hata kampuni za ushauri na mabenki ziliwauliza wahitimu alama zao za GMAT.

Mwaka 2007 Nathan Kuncel, Marcus Credé na Lisa Thomas walichambua kwa pamoja tafiti nyingi zenye jumla ya wanafunzi zaidi ya 60,000. Uwiano kati ya GMAT na alama za mwaka wa kwanza ulikuwa takriban 0.3, na baada ya marekebisho ya kitakwimu ukakaribia 0.5. Marekebisho hayo si hila. Shule huwachukua wenye alama nzuri. Walioachwa hawana matokeo ya darasani ya kulinganishwa, na waliochukuliwa wamekaribiana mno kiasi kwamba nguvu ya mtihani huonekana ndogo kuliko ilivyo. Alama za shahada ya kwanza zilibashiri kwa kiwango cha chini kidogo, na vipimo vyote viwili kwa pamoja vilibashiri vizuri zaidi. Hata hivyo, uwiano wa 0.5 hueleza robo tu ya tofauti za ufaulu.

Harvard iliacha kuudai mtihani huu katikati ya miaka ya 1980, ikaurudisha muongo uliofuata. Baadaye shule nyingi zilianza kupokea pia mtihani mwingine wa uzamili, GRE, na janga la korona la 2020 lilizifanya nyingine ziwasamehe waombaji mtihani wowote.

GMAT hubashiri alama za darasani kwa kiasi cha kuridhisha, lakini si kwa usahihi wa kuwapanga watu mmoja mmoja. Katika mizani ya zamani ya 200 hadi 800, pengo la pointi 10 halikutosha kusema mwombaji yupi ni bora.