Nyundo, Msumeno, Shoka na Gogo

Je, watu wana mwelekeo wa kufikiri kimfumo, yaani kuviona vitu katika kutegemeana kwao? Jawabu hutegemea sana swali la anayepima.

Mwaka 1931 na 1932 mwanasaikolojia Alexander Luria aliongoza misafara miwili ya utafiti Asia ya Kati, hasa Uzbekistan, wakati dola ya Kisovieti ilipokuwa ikiyaunganisha mashamba na kuwafundisha watu wazima kusoma. Wakulima wasiojua kusoma walionyeshwa picha za nyundo, msumeno, shoka na gogo, wakatakiwa kutaja vitatu vinavyofanana. Ilitarajiwa gogo litengwe, kwa kuwa si zana. Wengi walikataa: pasipo gogo, msumeno na shoka vitafanya kazi gani? Mmoja, alipoambiwa kuwa mtu fulani ameliondoa gogo, alidhani kwamba huyo bila shaka anazo kuni za kutosha.

Luria aliyaweka majibu hayo chini ya fikra ya dhana. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1974 tu, kwani hapo awali matokeo yake yalishutumiwa kuwa yanawadhalilisha wenyeji. Kwa maoni yetu, kosa lilikuwa kwingine: kipimo kilihesabu kuwa upungufu uhusiano ule ule ambao mkulima aliuona na mpimaji hakuutaka. Mwanaisimu ataongeza kuwa “kufanana” si “kuendana”. Anayehama kutoka neno moja hadi jingine amekwisha kubadili kipimo.

Huko Liberia, miaka ya 1960 na 1970, Michael Cole, Joseph Glick na wenzao waliwapa Wakpelle vitu 20 vya aina nne wavipange. Kisu kiliwekwa pamoja na chungwa, kwa kuwa hulikata. Ndivyo afanyavyo mwenye busara, walieleza. Glick anasimulia kuwa hatimaye waliulizwa mpumbavu angepanga vipi. Hapo wakapanga vyakula peke yake na zana peke yake, barabara kabisa! Uwezo ulikuwapo, hawakuona sababu ya kuutumia.

Hata hivyo tusivuke mpaka. Kuunganisha msumeno na gogo ni kuona kiungo kimoja, si mfumo mzima. Katika mifereji ya Uzbekistan, ambako mgawa maji, mirabu, alilazimika kukumbuka kwamba maji anayomwongezea wa juu humpungukia wa chini, palikuwa na jambo la kuulizia. Picha za zana hazikufika huko.