Kiapo cha Miungu katika Mkataba wa Misri na Wahiti

Ni rahisi kuiona miungu iliyotajwa katika mkataba wa Ramesses II na Hattusili III, uliofungwa takriban mwaka 1259 K.K., kuwa pambo la kidiplomasia. Vita vya Kadesh vya mwaka 1274 K.K. havikumpa yeyote ushindi kamili, ingawa Ramesses alijisifu kwenye kuta za mahekalu yake. Kwa hiyo amani huelezwa kwa uchovu wa majeshi na tishio la Ashuru. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kizazi kimoja nyuma. Mursili II, baba yake Hattusili, aliacha sala alizowaelekezea miungu tauni ilipokuwa ikiangamiza nchi ya Hatti. Anaeleza kwamba maradhi yaliingia na mateka kutoka Misri, na kwamba ramli ilibainisha, miongoni mwa makosa mengine, kuvunjwa kwa kiapo: baba yake, Suppiluliuma, alikuwa ameshambulia Amka, iliyokuwa chini ya Misri, licha ya mkataba wa awali. Mursili anakiri kosa hilo, akiomba adhabu ikome.

Mwana wa mfalme huyo hangeweza kuiita miungu elfu ya Hatti na elfu ya Misri iwe mashahidi kwa mzaha. Juu ya wafalme hao wawili hapakuwa na mahakama. Adhabu waliyoiandika ni kwamba miungu ingeangamiza nyumba, nchi na watumishi wa mvunja kiapo.